Mama Amenisamehe kwa Kihispania

San Pascual, Mto Sécure,
Beni, Bolivia.
Jumanne, 6 Novemba 2018.

Mpendwa mdogo wangu Eulalia,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote tulio huku mtoni. Hujambo huko Zaragoza? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia yule bibi unayemtunza amekuwa mzito, kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili, nawe uko peke yako. Nakusihi usijitie ushujaa. Noelia naye hajambo? Mwambie mjomba wake amepata picha yake ya shule na ameibandika juu ya mlango wa kabati, mahali ambapo kuku hawafiki.

Sisi kwa mwili hatujambo. Moshi wa Septemba umekwisha, mvua zimeanza, macho yamepata nafuu. Muhogo wa upande wa mto umetoka vizuri sana. Wa upande wa msituni umeliwa na nguruwe mwitu, na bila shaka unakumbuka ni shamba la nani lililo upande wa msituni. Paa la kanisa limeezekwa upya kwa majani ya motacú, halivuji tena pale kwenye benchi la wanawake. Mbwa wangu Sargento yuko, bado mzima na bado mwizi.

Barua hii nimeianza mara nne, Eulalia, na kila mara nikifika kwenye habari za mbwa nakwama. Leo nimeamua nitapita hapo hata kwa kujisukuma.

Mama haumwi koo. Hajawahi kuumwa koo. Nilikudanganya kwenye simu mwezi wa Februari, nikasema daktari wa Trinidad kamkataza kuongea sana, nawe maskini ukamtumia asali na zile peremende za dawa kwa mkono wa mke wa Remberto alipokuja likizo. Mama aliniuliza za nini. Nikamwambia za kutia nguvu. Alizila zote, na kila alipofungua moja mimi nilikuwa naangalia pembeni.

Ukweli ni kwamba Mama ameacha kusema lugha yetu mbele yangu. Ni mwaka mzima sasa. Na ameacha kusalia wafu, yeye ambaye hakuna nyumba hapa San Pascual iliyowahi kuaga marehemu wake bila sauti yake. Aliyemnyamazisha ni mimi, mwanawe wa kwanza, mwalimu wa lugha.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba meza ya pili ya Baba, ile ya kuisindikiza roho yake mwaka wa pili tangu afe, ilikwenda vizuri. Haikwenda vizuri. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na ukitaka kunitukana, usingoje mwisho.

Ilianza na daftari. Mkuu wa baraza alifungua lile sanduku la kanisani kabla mchwa hawajalimaliza, akanipa daftari la sala za wafu, lile alilonakili Babu Hermenegildo kutoka kwa daftari lingine, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka kwa lingine, hata hakuna ajuaye la kwanza liliandikwa na nani. Nilipolisoma nikashikwa na kiherehere. Maneno yote yalikuwa kamili. Pale ambapo sisi tunalitoa neno kwa pumzi moja, daftari lilikuwa na irabu mbili au tatu zaidi, kila moja imekaa mahali pake. Nikajiambia, kumbe hivi ndivyo walivyosema wazee kabla hatujaichakaza lugha kwa uvivu wa mdomo. Unanijua mimi nikishajiambia jambo.

Nikaandika kwenye ukuta wa darasa, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa za kimo cha mkono: KILA IRABU INA HAKI YAKE. Nikawafundisha watoto kutamka yote. Wakirudi nyumbani wakawa wanawasahihisha bibi zao. Pascuala jirani yetu akanijia mpaka mlangoni na kikapu kichwani.

"Mwalimu, mjukuu wangu kasema nakula maneno."

"Anajifunza, Mama Pascuala."

"N'memwambia afadhali mimi nakula maneno. Yeye anakula mayai yangu."

Nilicheka. Wala sikujiuliza kwa nini tangu siku hiyo Pascuala akiniona nakuja njiani alikuwa anasalimu kwa mkono tu.

Na wewe pia, mdogo wangu. Hili nimelificha hata moyoni mwangu mwenyewe. Barua yako ya kwanza kutoka Hispania uliiandika kwa lugha yetu, kurasa tatu, ulivyoisikia kichwani, na nadhani uliiandika ukilia maana wino ulikuwa umetapakaa. Nikakurudishia ikiwa na wino mwekundu. Kila irabu uliyoiacha niliirudisha. Ulinijibu "Ahsante, kaka," kwa Kihispania, na tangu hapo barua zako zote ni za Kihispania. Nikasema moyoni, ameshaanza kuringa kizungu. Nisamehe. Hii ya leo ninaandika jinsi tunavyosema, na ukipata nafasi nirudishie bila wino mwekundu.

Sasa siku yenyewe. Tarehe mbili Novemba mwaka jana, Marehemu Wote, saa sita mchana kama kawaida. Meza ya Baba ilikuwa imepambwa vizuri, upinde wa miwa, mikate ya ngazi, pombe ya chicha ya muhogo, na sábalo wa kuchoma maana hakuna samaki aliyempenda kama huyo. Watu walijaa mpaka nje ya uzio. Mama alikuwa amevaa gauni lake jeupe, tipoi. Bienvenido alikuwa na ngoma ndogo.

Unakumbuka Mama anavyosali. Kiganja kinapiga kiunoni taratibu, maneno yanakwenda na kiganja, na watu wanaingia na jibu pale kiganja kinapotua. Hakuna anayetoa ishara. Hata mtoto wa miaka mitano anajua aingie wapi. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na daftari mkononi, nafuata kwa kidole, na kila mstari nilikuwa naona matundu.

Mara ya kwanza nilimnong'oneza. Akaendelea. Mara ya pili nilisema kwa sauti ya kawaida. Akasita kidogo, akaendelea. Mara ya tatu nikasema kwa sauti ya darasani, watu wote wakisikia, "Mama, hapo umemeza irabu mbili."

Kiganja kikasimama kiunoni.

"N'memeza?"

"Ndiyo, Mama. Zimeandikwa hapa."

Akaliangalia daftari, yeye asiyejua kusoma. "Basi zitapike wewe, mwalimu," akasema. "Soma. Mi ntakaa."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwalimu. Siku zote nilikuwa "baba", au "mwanangu", au "we mtoto" akikasirika.

Na mimi, badala ya kumwomba radhi palepale, nilisoma. Nilisoma zile sala zote, irabu moja moja, kwa fahari. Mstari wa kwanza watu wakaingia na jibu mapema, wa pili wakaingia wamechelewa, nusu huku nusu kule. Wa tatu wakaingia Pascuala na Sebastián Yuco tu. Kuanzia wa nne hakuingia mtu. Bienvenido aliweka ngoma chini, akakunja mikono. Nikasoma peke yangu mpaka mwisho, watoto wakijiziba midomo, na hivyo ndivyo Baba yetu alivyosindikizwa mwaka jana.

Wakati wa kula Bienvenido akanitania. "Baba yako Leocadio kaondoka, lakini sijui kashika njia gani. We mwalimu unasoma kama mtu anavuka tope, kila mguu unauvuta kwanza." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mama alikuwa anagawa mikate. Nyumba tano zilikuwa zinamngoja alasiri ile aende akasalie. Nilimwona akikunja kitambaa chake cha kichwani na kukitia kwenye kikapu, na nilimsikia akimwambia Pascuala, "Waambie sina maneno kamili."

Usiku huo alipika, akaweka sahani mbele yangu. "Chakula. Mezani," akasema kwa Kihispania. Kihispania chake unakijua, kile cha kuuzia ndizi sokoni Trinidad. Nikadhani ni hasira ya siku moja.

Eulalia, ni mwaka sasa. "Maji yapo." "Mvua inakuja." "Shati chafu, lete." Hanikasirikii, hanuni, nguo zangu anafua, masaco yangu ya ndizi anaitwanga na mafuta mengi kama ninavyopenda. Ila kwa kuku anaongea lugha yetu. Namsikia kutoka chumbani, anawasema, anawatania, anamwambia yule jogoo mwekundu kwamba ana tabia za Baba. Nikitokeza mlangoni anamaliza sentensi kwa Kihispania. Mara mbili nimejaribu kubaki chumbani kimya ili nisikilize, nikajiona mwizi ndani ya nyumba nilikozaliwa.

Ndiyo maana kwenye simu anakusemesha Kihispania. Mtandao unashika kule juu kilimani tu, lomani penye makaburi, na ni mimi ninayempeleka na kusimama pembeni nikishika simu isianguke. Uliponiuliza kama Mama anaanza kusahau lugha, nikakuambia ni koo.

Kuhusu irabu zenyewe, aliyenifumbua macho ni mgeni. Mwezi wa Juni alikuja dada mmoja kutoka Cochabamba, Ximena, msomi wa lugha, na kinasa sauti chake. Alikwenda kwa Mama kwanza, na Mama akakubali kurekodiwa kwa sharti moja, mwalimu asiwepo uani. Siku kumi na moja nilikwenda kuvua samaki nisiyekuwa na haja naye.

Siku ya kumi na mbili nikamwendea Ximena na daftari langu kwapani. Nilitaka aniandikie kabisa, kwa mhuri kama anao, kwamba lugha yetu imechakaa na kwamba daftari ndilo sahihi. Alilipindua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akisifu mwandiko wa Babu.

"Hii ni hazina, mwalimu," akasema. "Lakini mama yako hajapoteza kitu."

"Na zile irabu?"

"Zipo. Anaziangusha kwa mpango."

Akachukua kijiko, akaanza kugonga meza. Kugonga kidogo, kugonga kwa nguvu, kidogo, kwa nguvu. Akasema maneno yetu yanatembea hivyo, hatua nyepesi, hatua nzito. Irabu iliyokaa kwenye hatua nyepesi inaanguka. Akanitajia kitu kimoja cha jikoni, akakigonga. Kisha akakitaja tena kama mtu anayesema ni chake, na kwa kuwa silabi moja imeongezeka mbele, hatua zote zikahama. Irabu iliyokuwa imeanguka ikasimama, na jirani yake aliyekuwa amesimama akaanguka. Akafanya hivyo kwa maneno thelathini aliyopewa na Mama. Na irabu zilizokuwa zinarudi, mdogo wangu, nilikuwa nazifuata kwa kidole kwenye daftari, ni zilezile. Mama anazo zote. Hajawahi kushika penseli, lakini anazo zote kichwani, na anajua ipi inasimama lini, maana mtu hawezi kurudisha kitu asichokuwa nacho.

Nikamuuliza kama wazee wa daftari walikuwa wakiongea kwa irabu zote. Hakutaka kuapa. Labda, akasema, au labda waliandika walivyokuwa wakiimba polepole. Ila lililo hai sasa lina utaratibu wake, wala si uvivu.

Kisha akanisikilizisha sauti moja. Sikuitambua mwanzoni. Kilikuwa kinasa sauti kimeachwa kinafanya kazi jioni moja niliporudi mtoni, na ndani yake nilikuwa mimi, namfukuza Sargento jikoni kwa kumtukania mama yake na bibi yake. Sentensi ndefu ya matusi, na kwenye hatua nyepesi haikubaki irabu hata ya dawa.

"Hivi na mimi nameza?"

"Kila mtu hapa anameza," akasema. "Wewe unaacha kumeza ukishika chaki."

Nikamwomba anisikilizishe sauti ya Mama, sala moja tu. Akafunga kile chombo akaweka kwenye mfuko. "Mama ameniomba nisikusikilizishe, mwalimu. Nimemwahidi." Hakuwa na ukali wowote. Nilirudi nyumbani nikachanganya chokaa, nikapaka ule ukuta wa darasa mara tatu, lakini buluu bado inaonekana kwa chini.

Nikaamua kuomba msamaha kwa njia ya kwetu. Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya kengele, nilipiga magoti mbele ya baraza. Nikasema kosa langu lote, bila daftari, bila kupamba. Mkuu wa baraza alinichapa viboko vitatu vya desturi, na nadhani cha tatu alikitia mkono kidogo kwa ajili ya Pascuala. Kisha akaitwa Mama aje anywe nami kibuyu kimoja cha chicha, ili jambo liishe.

Mama alikuja. Alikunywa, akanipa, nikanywa. Akaniwekea mkono kichwani, kiganja kilekile. Watu wote wanangoja neno. Akawageukia wao, siyo mimi, akasema, "Nimemsamehe." Kwa Kihispania.

Mkuu wa baraza akakohoa, akasema basi jambo limekwisha, na kwa desturi limekwisha kweli. Hakuna wa kumlaumu Mama, amefanya yote yanayotakiwa. Lakini wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu hili nimelichora mimi, mbele ya meza ya mume wake.

Sasa nikueleze ya wiki iliyopita, ambayo ndiyo imenifanya nikae chini niandike. Mwaka huu ilikuwa meza ya tatu ya Baba. Unajua maana yake, baada ya hii haji tena. Tangu Septemba nilikuwa namuuliza Mama nani atasali. "Wewe soma," ananijibu. Nikaenda kwa Bienvenido, nikamwomba anifundishe kama mtoto. Kila alasiri tulikaa kwake, yeye akigonga ngoma kwa vidole, mimi nikijaribu kwenda nayo. Daftari nililiacha kanisani. Alinicheka, alinitukana, akaniita kiwete, lakini mwisho wa Oktoba akasema, "Sasa unaweza kumsindikiza mtu, asiwe tu na haraka." Wewe hukuniona, Eulalia. Nilikuwa natembea njiani nikipiga paja.

Nilikuwa na matumaini ambayo nitakuambia wewe tu. Niliwaza nikisali vizuri, Mama ataingia na jibu. Neno moja la jibu, pamoja na watu wengine. Sikuhitaji zaidi ya hilo.

Tarehe mbili asubuhi niliondoka na mtumbwi wa mashine kumchukua Bienvenido, maana mguu wake umevimba hawezi kutembea mpaka kwetu. Mafuta yalikuwa kidogo, tukarudi kwa kasia nusu ya njia, lakini saa nne na nusu tulikuwa tumefika. Meza ilikuwa imeshaondolewa. Upinde wa miwa umekatwa vipande na kufungwa vizuri, mikate imepangwa kwenye kikapu kwa ajili ya watu, chicha ya Baba imemwagwa chini kwenye kizingiti, udongo bado umelowa. Mama alikuwa jikoni anatwanga masaco.

Bienvenido alielewa kabla yangu. Alikaa kwenye gogo na ngoma yake mapajani, hakutania.

Pascuala ndiye aliyenieleza, kwa kuwa alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa uzio. Anasema nilipokata kona ya mto tu, Mama alivaa tipoi, akasimama mbele ya meza peke yake. Akasali sala yote tangu mwanzo hadi mwisho, kiganja kiunoni. Penye jibu alinyamaza kidogo, kisha akajijibu mwenyewe. Akasali, akajijibu, akasali, akajijibu. Pascuala alitaka kumwitikia kutoka uzioni, akaona haya, maana alijua hakualikwa.

"Alisema vizuri?" nikamuuliza. Nilikuwa sijui niulize nini.

"Vizuri je! Nlitamani kufa leo n'saliwe hivyo."

Saa sita watu wakaja, wakaona hakuna meza. Mama aliwagawia mikate na masaco. Nikamfuata jikoni. Nilimwambia kwa lugha yetu, nikimeza pale panapomezwa, "Mama, mbona hukutungoja?"

Alinitazama. Niliona amesikia, niliona hata alivyosikia nilivyolisema. Akapangusa mikono. "Baba yako hakuzoea kusomewa," akasema, kwa Kihispania, akabeba kikapu akatoka.

Na siyo sisi tu. Mwaka huu nyumba nne zimeaga wafu wao kwa simu, wameweka sala za Kihispania zilizorekodiwa na padri wa mjini, simu imeegemezwa kwenye chupa katikati ya mikate. Sebastián Yuco alinikuta kisimani kesho yake. "Mke wangu hakujua Kihispania, mwalimu," akaniambia. "Sijui kaelewa nini." Hakusema kwa kunilaumu, alikuwa anauliza kweli. Nilimchotea maji.

Baba ameshakwenda, na amekwenda vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Kilichobaki ni Mama. Ana miaka sabini na sita. Maneno yale yote anawaambia kuku, na siku moja atakuwa ameyabeba. Mimi siwezi tena kuyafuata, nilipewa nafasi nikaifuta kwa mkono wangu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshakua, ananisumbua kila siku.

Kwa hiyo nakuomba wewe uongee naye kwa lugha yetu. Najua sistahili kukuomba jambo la lugha, mimi mwenye wino mwekundu. Najua pia unaona haya, miaka tisa hujaisema kwa sauti. Iseme hivyohivyo. Ukikosea atakucheka, mwache acheke, sijamsikia akicheka ndani ya nyumba tangu mwaka jana. Asipotaka kuanza, muulize habari za yule jogoo mwekundu. Usinitetee, wala usitaje barua hii.

Barua ataileta mke wa Remberto, anasafiri kutoka Santa Cruz tarehe ishirini, pamoja na chivé, unga wetu wa muhogo, kilo mbili, na kitambaa alichokushonea Mama. Nisalimie Noelia, na umwambie bibi yake anauliza kama anakula vizuri. Nisalimie Remberto akija kutoka Valencia, na huyo bibi unayemtunza, hata kama hanijui. Pascuala anakusalimu. Bienvenido anauliza kama huko kuna wanaume wenye akili au ni kama hapa. Watoto wa darasani wanakusalimu, sasa wanaongea watakavyo na mimi nasikiliza.

Jumapili ya tarehe mbili Desemba, saa nne asubuhi kwetu, ambayo kwako ni saa tisa mchana, kaa karibu na simu. Nitampandisha Mama lomani, nitabonyeza namba yako, nitampa simu mkononi, na nitashuka. Sitajificha nyuma ya makaburi nisikilize, nakuapia kwa roho ya Baba. Nitashuka mpaka mtoni kabisa, na nitakaa huko hadi nimwone mwenyewe anateremka. Anaweza kuongea saa nzima, mie nitangoja. Ukimaliza usiniambie alichosema, hilo ni lenu. Niandikie tu kwamba alisema.

Mungu akulaze na kukuamsha salama katika nchi ya watu, mdogo wangu, na mgongo wako ukupe nafasi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Nicanor Guaji